Rungu la Zamu Lilipokuwa Mlango wa Juu

Siku ya kwanza ya kazi nilipewa rungu, nikaambiwa nisimpige mtu nalo. Hapo ni Iringa, miaka ya hamsini ndiyo imeanza anza, nami nimetoka Ilula na darasa langu la pili, ambalo sikulimaliza kwa sababu ya ng'ombe wa baba. Mkuu wangu wa kwanza, Sajini wa walinzi wa soko, alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso.

"Mlinzi hakimbizani na watu," akasema. "Anasimama, wenye makosa wanakimbia wenyewe. Umeelewa?"

"Ndiyo, afande."

Sikuelewa. Lakini maneno ya kazi niliyapata kwake. Lindo ni pale ulipowekwa usiondoke. Doria ni kutembea polepole kama umepoteza kitu. Zamu ni siku yako, ukiumwa au usiumwe. Na zaidi ya yote alinifundisha kutazama mikono. Uso wa mtu utakusalimia vizuri, alisema, wewe tazama anatoka na nini. Anayetoka na kitu ndiye wa kuulizwa. Nilikaa na somo hilo miaka mingi, na utaona lilinifikisha wapi.

Kutoka Iringa nikahamishiwa Mbeya. Lori lilitulaza Mafinga, na misonobari siku hizo ilikuwa bado mifupi, unaweza kuishika kichwa. Leo nasikia wanapasua mbao humo. Basi, Mbeya nikaripoti kwa Liwali, yaani mkubwa wa Waafrika wa mjini aliyewekwa na serikali. Alikuwa mtu wa asili ya pwani, kanzu nyeupe hata kwenye matope, sauti ya chini.

"Wewe Mhehe," akaniambia, "sikukuletea wezi. Nimekuletea majirani. Ni kazi ngumu zaidi."

Mtaa wetu wa lokesheni, yaani sehemu ya mji waliyotengewa Waafrika, ulikuwa mmoja, umetelemka kutoka sokoni mpaka kijito. Wanaume wanatoka asubuhi, wengine maduka ya Wahindi, wengine boma. Wanawake wanakwenda mashambani. Nyumba zinabaki tupu, na ukungu wa Mbeya mnaujua. Mpaka jua lipande, mtu akisimama uani kwako unaweza kudhani ni mgomba. Wezi walikuwa wa asubuhi.

Ulinzi ulikuwa hivi. Kulikuwa na rungu moja la mtaa. Nyumba itakayolikuta limeegemea mlango wake alfajiri, ndiyo inayotoa mtu wa kulinda siku hiyo. Jioni unalipeleka kwa jirani. Mpango huo uliletwa na Koplo, jirani aliyepigana vita Bama, huko Asia, akiwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, na sote tulimheshimu. Alivaa koti la jeshi hata akienda chooni. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimamia zamu.

Nyumba moja tu haikupelekewa rungu. Ilikuwa ya Mama Tusekile, huko chini karibu na kijito. Mume wake alikuwa migodini kusini mwaka wa tatu, na kwa jasho lake nyumba iliezekwa bati, ya pekee upande ule. Mama yule alipika pombe ya ulezi na kulaza wasafiri wa malori. Leo anaingia mtu na kofia, kesho anatoka mwingine hana. Watu wakasema hiyo siyo nyumba, ni stendi. Mimi nami nilisema. Nilisimama mbele ya mlango wake asubuhi nyingi nikitazama mikono ya wanaotoka.

"Kamwene, Mama Tusekile," nilimsalimia kwa Kihehe siku moja, nikijifanya napita.

"Ugonile, Mhehe," akanirudishia salamu kwa Kinyakyusa. "Mbwa wangu nimemficha, kwa hiyo kama umekuja kwa ajili yake rudi."

Nilicheka, maana Wahehe tunasingiziwa kula mbwa. Lakini macho yangu yalikuwa mlangoni kwake, naye aliyaona.

Vitu vikaanza kupotea. Blanketi, sufuria mbili, kisha koti jipya la karani wa boma. Nikazunguka sokoni, kwa mafundi cherehani, mpaka kwenye vilabu. Hakuna kilichouzwa. Jambo hilo lilinikaa vibaya, maana mwizi asiyeuza nilikuwa sijamwona. Nikakumbuka na jambo la pili: kila wizi ulitokea rungu likiwa milango ya juu, karibu na sokoni. Mwenye zamu hulinda karibu na kwake, kwa hiyo huku chini kunabaki wazi. Mwizi alikuwa akilisoma rungu letu kama sisi tunavyolisoma. Na ni nani anakaa chini, haendi kazini, na wapitao wote wanapita mlangoni kwake? Jibu nililokuwa nalo lilikuwa lile lile la kila mtu.

Liwali akaita baraza. Koplo akasimama wima. "Bwana Liwali, keshokutwa saa nne tuipekue nyumba ya Mama Tusekile. Tukikuta kitu, aondoke."

Kuondoka hakukuwa neno dogo. Kiwanja cha lokesheni unapewa kwa kibali. Kibali kikifutwa unang'oa bati zako na kwenda. Mume angerudi kutoka migodini akute shimo. Na kiwanja kile kilipakana na cha Koplo, ambaye alikuwa ameshakiomba mara mbili ajenge mkahawa. Sote tulijua hayo, tukaona ni bahati yake tu.

Watu walipotawanyika, Mama Tusekile akabaki. Hakulia.

"Bwana Liwali, mkija saa nne mtasema nimetoa vitu saa tatu. Njoni alfajiri. Wewe na huyu Mhehe wenu anayenitazama mlango kama mchumba. Kaeni jikoni kwangu, mnione nikitoa."

Liwali akakubali. "Usimwambie mtu," akasema, akinielekezea mimi kidole.

Nakiri nilikwenda nikiamini ni hila. Siku yenyewe rungu lilikuwa mlango wa juu kabisa. Tukaingia jikoni, kibanda cha fito kilichozibwa bati pembeni, nyuma ya nyumba, ukungu ukiwa umetanda. Liwali alikalia kigoda katikati ya mitungi ya pombe, leso puani, amekunja kanzu magotini.

"Nikionekana hapa," akanong'ona, "msikitini sirudi."

"Nitasema ulikuja kununua mkaa," Mama Tusekile akajibu, akaendelea kupepeta ulezi.

Macho yangu yalikuwa kwenye mikono yake. Nikangoja itoe kitu. Ndipo bati la pembeni ya kibanda likasogezwa kutoka nje, taratibu, na mkono ukaingia. Mkono wenye koti la jeshi. Ulikuwa umeshika koti jipya la karani, ukalisukuma nyuma ya mitungi, ukalisawazisha vizuri kama mama anayemfunika mtoto.

Liwali akaondoa leso. "Koplo, umepotea njia?"

Mkono ukaganda. Kisha sauti ikatoka kwenye ukungu, ya kijeshi kabisa. "Natafuta ushahidi, Bwana Liwali."

"Umeupata. Umeuleta mwenyewe."

Blanketi na sufuria zilikutwa darini kwake, na polisi wakamchukua. Mtaani hakuna aliyekwenda kumwomba Mama Tusekile radhi. Walichofanya, kila mtu alikwenda kukagua nyuma ya mitungi yake mwenyewe. Rungu la mlangoni tukaliacha; zamu nikawa namnong'oneza mtu sikioni jioni. Wa kwanza kunong'onezwa alikuwa yeye. Alilinda mtaa mzima kutwa na mwiko wa pombe mkononi, akanisimamisha hata mimi. "Mikono, Mhehe," akasema. Nikamwonyesha.

Mume alirudi, akakuta bati zake juu.

Nimestaafu, nimerudi Ilula, nalima nyanya. Vijana wa ulinzi hapa huja kuniuliza mwizi anatambulikaje, na wanataka niwaambie watazame wanaotoka. Siwaambii hivyo. Juzi jirani aliniletea maparachichi, akayaweka nyuma ya mlango wangu bila kubisha hodi. Mtu mzuri, sina neno naye. Nilimrudishia yote, nikamwomba ayalete tena, safari hii mchana, na watu wakiona.