Sikio la Kushoto

Siku ya ubatizo tulikuwa sita nje ya kanisa: mimi, mdogo wangu wa kiume, dada yetu kitinda mimba na kichanga chake mgongoni, pasta, na mzee jirani aliyekuwa akichonga mawe pamoja na baba. Sote tulikuwa tumeinua shingo, tunamtazama mama.

Mama wa jiwe, nikueleze. Hapa kwetu, ng'ambo kidogo ya Lanet, kanisa lilijengwa zamani na mkulima mzungu aliyelikumbuka kanisa la kijijini kwao Uingereza, nalo lina mamia ya miaka. Akaliiga lote. Mnara mfupi wenye madirisha membamba kama nyufa, eti ya kupenyezea mishale. Kuta nene hata ndani kukawa na baridi Januari mchana. Tukiwa watoto tuliuliza huyo adui wa kupigwa mishale ni nani. Hakuna aliyejua. Na chini ya paa, pande zote, vimetokeza vichwa vya mawe, kana kwamba ndivyo vilivyolibeba.

Shosho, nyanya yetu aliyetulea baada ya wazazi kufariki, alikuwa akifagia humo kila Jumamosi. Mimi nilikuwa nimeacha shule niwaangalie wadogo, kwa hiyo ndoo za maji zilikuwa zangu. Kazi ikiisha tulikula githeri baridi, mahindi na maharagwe, kwenye mkebe, njiwa wakikoroma mnarani. Kisha shosho aliegemeza ngazi, akapanda na brashi ya mkonge, akasugua kuvu kwenye kichwa kimoja tu, cha mwanamke aliyefunga kitambaa, kazi ya mkono wa baba.

"Mama yenu alipenda kuoga," alikuwa akisema.

Picha ya mama hatukubaki nayo. Tulibaki na huyo.

Sasa dada amempa mtoto jina la mama, akataka amwonyeshe wajina wake. Nilitoka Karagita, ninakofanya kazi ya kukata maua, nije nishuhudie. Pasta, ambaye ni mgeni huku, akatoa simu kwa nia njema kabisa: picha ya lile kanisa la Uingereza. Chini ya paa lake kulikuwa na mwanamke yule yule, kitambaa kichwani, pua imebonyea.

"Kumbe miaka yote tunaogesha mzungu," ndugu yangu akasema, akicheka bila raha.

"Wewe nyamaza! Hiyo pua si hii yangu?" dada akamgeukia. "Na huyu mtoto si anayo?"

Mzee jirani akaivuta simu karibu na macho. "Lakini huyu kitambaa kimemfunika masikio. Wetu je?"

Tukatazama. Wetu sikio la kulia liko nje, vile mama zetu hufunga kitambaa kwa nyuma. La kushoto halipo. Ni jiwe tu, na alama za patasi.

Mzee akasema kichwa cha kwanza kilimomonyoka, baba akapewa picha achonge kingine.

"Alikuwa anafuata picha, ama alikuwa anamfikiria mama?" nikauliza.

"Hakuniambia, binti yangu. Alisema tu, hili sikio lingine nitamaliza mvua ikiisha."

Baba hakuiona mvua ikiisha.

Basi sijui. Siku nyingine nikifumba macho namwona mama, wazi kabisa. Siku nyingine namwona mwanamke wa kijiji nisichokijua, na shosho juu ya ngazi akimsugua shavu mama wa watu. Shosho angetuambia, lakini naye amelala nyuma ya kanisa. Njiwa walizibiwa mnara kwa waya, wakahama. Kuvu imerudi usoni mwa yule wa jiwe, nami nilipotafuta ile ngazi, sikuiona.

"Dawa ya deni ni kulipa," shosho alituambia kila tulipoazima sukari. Mikono ya mzee inatetemeka sasa. Yangu imezoea mashina ya waridi, jiwe haijaligusa. Hata hivyo mimi ndiye mkubwa. Awe mama, awe huyo wa mbali, baba alimwahidi sikio, na mpaka leo anasikia kwa moja.