Pacha Mmoja Havuki

Nilikuwa bado mtoto wa kubebeshwa watoto wenzangu mgongoni pale mama alipojifungua mapacha, Kulwa na Doto. Tuliishi kwenye kisiwa kidogo ng'ambo ya Musoma, kisiwa ambacho ukiunguza ugali upande huu, upande wa pili wanasikia harufu. Kwenda mjini tulikuwaga na kivuko kimoja. Nasema kivuko kwa heshima tu. Ilikuwa boti ya mbao yenye injini, ikivuka asubuhi na kurudi upepo ukiruhusu.

Wazee wa kwetu walikuwa na desturi yao. Pacha havuki ziwa bila mwenzake. Na mara ya kwanza wanapovuka, mtu wa nyumbani hurusha ulezi kidogo majini na kulitajia ziwa majina yao, kama unavyomjulisha mgeni kwa jirani. Bila hivyo, walisema, boti itapata dhoruba, na mtoto aliyeachwa nyuma hutamkuta. Mama alikuwa ameokoka, na mambo hayo aliyaita giza. Mimi, nakiri, niliyaamini yote: kanisani nilimwamini mchungaji, ufukweni nilimwamini bibi. Sijui kama nimebadilika sana.

Doto akaugua kifua. Alipumua kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi, na kunyonya akakataa. Zahanati kisiwani hakuna, baba yuko kwenye kambi ya uvuvi huko Murangi. Mama akaamua kumpeleka Doto hospitali mjini na kumwacha Kulwa kwa bibi, mama yake baba, kwa kuwa Kulwa alionekana mzima.

"Usiwatenganishe," bibi alimwambia. "Mmoja havukagi."

"Mama, huyu anaumwa. Mungu atatuvusha."

"Sijasema Mungu hawezi. Nimesema usiwatenganishe."

Mama akamfunga Doto kifuani, mimi nikabeba kikapu, tukashuka ufukweni bila kuaga vizuri. Nahodha alikuwa Mzee Sefu, mtu mpole wa kuswali swala zake bila kukosa. Alishika kamba ya injini, akamwangalia mama, akaiachia.

"Mama Kulwa, wa pili yuko wapi?"

"Nimemwacha. Ni mzima."

"Basi tunamsubiri."

Mama akasema yeye ameokoka, hafuati mambo ya namna hiyo. Mwanamke mmoja aliyekalia gunia la dagaa akadakia: "Umeokoka peke yako, dada. Sisi wengine hata kuogelea hatujui!"

Boti nzima ikacheka. Mama hakucheka. "Mzee, mtoto atanifia hapa."

"Naona, mwanangu. Lakini nikiwasha, hawa wote wanashuka."

Na kweli, wawili walishainua mizigo. Mama akamtazama Doto, akatazama maji. Leo najua alichokuwa anapima: akikubali, kanisa zima litasikia kabla ya Jumapili. Halafu akaniambia kwa sauti ndogo, "Kamlete Kulwa."

Sikufika mbali. Bibi alikuwa tayari njiani, anahema, Kulwa analia mgongoni. Nilimpokea mtoto, tukaingia botini sote, bibi naye. Bibi akafungua pindo la kanga, akamnyooshea mama konzi ya ulezi.

"Siwezi, mama."

"Basi usirushe. Mimi sijaokoka."

Akaurusha mwenyewe, akayaita majina: huyu Kulwa, huyu Doto. Mama alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Basi ziwa likapata ulezi, Mungu akapata sala, na Mzee Sefu akavuta kamba. Tulivuka kwenye maji yaliyolala kama shuka.

Hospitali, nesi alimpima Doto, akampa dawa, kisha akasema anataka kumsikiliza na yule mwingine. Mama akamwambia huyu hana shida, analia tu. Nesi akaweka mpira wake wa kusikilizia kifuani kwa Kulwa, kisha akausogeza mgongoni.

"Huyu naye kifua kimeshamwingia. Mngemwacha huko, mngemkuta wapi?"

Upepo ulichafuka jioni ile, na boti haikurudi kisiwani mpaka ulipotulia, na haukutulia upesi. Watoto walilazwa kitanda kimoja. Doto alipoanza kunyonya, mama alimgeukia bibi aliyekuwa amekaa sakafuni.

"Mama, asante."

"Mshukuru Mungu wako. Mimi nilichoka na kelele za huyu."

Bibi hakusema neno jingine juu ya jambo hilo mpaka alipokufa.

Siku hizi Kulwa ana duka Bunda, Doto ni fundi seremala, na kila mmoja anavuka kwa wakati wake kwenye kivuko kikubwa cha chuma. Watu wakiniuliza kama lilikuwa ziwa au Mungu, najibu Mungu, na moyoni nabaki na swali. Lakini kinachonirudia zaidi ni mama. Nimesali miaka mingi, na bado mtu akinibishia mbele za watu nashupaza shingo, hata ninapojua nimekosea. Yeye aliinamisha yake mbele ya boti nzima ili watoto wapumue, na sikuona imani yake ikipungua hata chembe. Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, wanawake wakinong'onezana nyuma, alikwenda kukaa benchi la mbele, Doto goti hili, Kulwa goti lile.