Paa Moja Homa Bay

Katika mambo machache ninayoyajua vizuri, la kwanza ni mabati na la pili ni lojingi. Mabati niliyarithi kwa baba, aliyehama pwani akiwa kijana na kufungua duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori. Lojingi nilijifunza mwenyewe kwa kulala ovyo. Mfanyabiashara anayefuata mzigo Kisumu na Kisii hulala kila mahali, na baada ya kuliwa na kunguni wa miji mingi nilijiwekea kanuni: tazama choo kabla hujatazama kitanda, nusa mto, halafu uliza baa iko wapi na usiamini jibu. Hoteli ya bei kubwa niliiona ni ya kujionyesha, na ya bei ndogo nilijua nitailipia kwa usingizi, kwa hiyo siku zote nilikuwa mtu wa katikati. Nilijivunia sana jambo hilo. Wenzangu sokoni walinitania kwamba hata siku ya kuzikwa nitauliza kama kuna maji ya moto.

Ndiyo maana mke wangu aliponiomba nimsindikize mama yake kisiwani, sikuona tabu yoyote. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, magugu maji yameanza kuonekana ziwani lakini hayajaziba bandari. Mama mkwe alizaliwa Mfangano, akaolewa bara, Awendo, kwenye mashamba ya miwa. Kaka yake aliyebaki kisiwani alikuwa hoi. Ujumbe uliotufikia ulisema anamtaja dada yake kila siku, na kwamba asichelewe. Meli ya visiwani iliondoka Homa Bay asubuhi na mapema, mara mbili tu kwa wiki, hivyo ilibidi tufike siku moja kabla na tulale mjini. Mke wangu alikuwa amejifungua binti yetu wa kwanza siku tisa zilizopita, asingeweza kusafiri.

Aliniagiza jambo moja, mtoto akiwa kifuani.

"Mtafutie mama nyumba yake. Unajua kwetu mkwe na mama hawalali chini ya bati moja. Ukikosa, wewe lala hata msikitini."

Nilijua. Nimekulia Migori, Kijaluo nakielewa kama Kiswahili, na mwiko huo, ambao wao huuita kwer, sikuwa nausikia mara ya kwanza. Mkwe wa kiume na mama wa mke wanaheshimiana kwa umbali, na umbali wa usiku ni paa. Anayevunja mwiko hubeba chira, balaa inayomla mtu polepole na kuwarukia ndugu zake walio dhaifu, mpaka anywe dawa ya kwao. Haikuwa mila yangu. Nilimwambia mke wangu asiwe na wasiwasi, kwani kama kuna mtu anayejua kuchagua hoteli ni mimi.

Mama mkwe alinifahamu kabla binti yake hajanifahamu. Alikuja dukani siku moja kununua mabati ya nyumba aliyokuwa anajenga baada ya kufiwa na mumewe, akachagua yale membamba. Nikamwambia wazi kwamba upepo wa kwanza utamwachia kuta. Alicheka, akaenda kutafuta pesa zaidi, akarudi mwezi uliofuata kuchukua mazito. Miaka baadaye, watu wa kwao walipokataa binti yao aolewe na Mwislamu asiye na shamba wala kabila linaloeleweka, yeye ndiye aliyekata shauri. Aliwaambia, "Huyu kijana hana uongo. Mimi nimenunua kwake." Maneno hayo yaliniozesha.

Nilimchukua Awendo. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kubeba mzigo mmoja, blanketi jipya lililofungwa kwa leso, na ndani yake vipande vya sukari guru. Utotoni kisiwani, alinieleza, sukari guru ilikuja kwa nadra, na yeye ndiye aliyekuwa akimmegea kaka yake na kumtia mdomoni. Alitaka kufanya hivyo mara moja zaidi, kwa mkono wake. Alisema hivyo bila huzuni, akitazama miwa inavyopita. Tulifika Homa Bay saa nane mchana.

Nilimwacha kwenye benchi mbele ya duka la nguo, nikaenda kuchagua. Kwanza nilishuka hadi hoteli ya kando ya ziwa, wanakolala maofisa na wageni wenye kamera. Ilikuwa na vijumba vilivyosimama mbalimbali kwenye nyasi, kila kimoja na paa lake. Mtu mwenye akili angechukua viwili na kumshukuru Mungu. Mimi nilisikia bei, nikatabasamu kama mtu aliyetaniwa, nikatoka. Pesa zilikuwepo. Ila nilijiambia kwamba mtu wa kanuni hatoi kiasi kile kwa usiku mmoja.

Kisha nikapanda stendi. Huko lojingi za bei ndogo zilikuwa na vyumba vimezunguka ua, vingine vimejengwa peke yake, lakini muziki ulikuwa unapigwa tangu mchana na choo cha kwanza nilichofungua nilikifunga kwa haraka. Siwezi kumlaza mama wa mtu pale. Hapo nilikuwa sahihi, na bado nasema nilikuwa sahihi.

Ya tatu ilikuwa juu kidogo, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Ilikuwa hoteli ya katikati kabisa, ya aina yangu. Vigae bafuni, maji ya moto, neti isiyo na tundu, na hakuna baa. Mto ulinuka sabuni. Kulikuwa na vyumba vya mbele, vinavyoingiliwa kutoka barabarani, na vya nyuma, vinavyoingiliwa kutoka uani, na katikati ujia wa wazi uliopitisha upepo.

Nilimuuliza dada wa mapokezi kama vile vya nyuma ni nyumba nyingine.

"Hizo za nyuma ni kama nyumba ingine tu, boss," alisema. "Mlango yao iko huko nyuma."

Nilisimama kwenye ule ujia, nikainua macho. Hiyo ni kazi yangu, hata leo siwezi kuingia mahali bila kuangalia juu. Mabati yalivuka kutoka chumba cha mbele hadi cha nyuma, mfululizo, yamepakwa rangi nyekundu upande wa nje, geji thelathini, yamepigwa misumari vizuri. Nilijua papo hapo. Hata aliyeezeka nilimsifu moyoni.

Naweza kusema nilichoka. Miguu iliniuma, mvua ilikuwa inakaribia, na nilikuwa nimeshayaona maji ya moto. Lakini ukweli ni kwamba nilifikiri hayanihusu. Nilifikiri milango miwili inatosha kwa mtu yeyote mwenye busara, na kwamba mama mkwe asichokijua hakitamdhuru. Nikalipa vyumba viwili.

Nilipomleta, alikuwa na mzigo kichwani, na mtu mwenye mzigo kichwani haangalii juu. Alisimama mbele ya mlango wa uani, akauliza akitazama miguu yangu, kama heshima ya kwao inavyotaka.

"Baba, hii nyumba na ile ya mbele, ni mbili?"

"Ni mbili, mama," nilisema.

"Asante," alisema. "Umesumbuka sana."

Jioni nilipomaliza kuoga na kutandika mswala, nikamsikia akikohoa. Kikohozi kilipita juu ya ukuta, pale ambapo dari haikufika, wazi kana kwamba tumeketi meza moja. Swala ilinivurugika. Msikiti ulikuwa mwendo wa dakika kumi, na mvua ilikuwa haijaanza. Nilikaa juu ya kile kitanda kizuri nikijiambia nitavaa viatu sasa hivi. Mvua ikaanza, nikajisingizia kwamba ndiyo iliyonizuia, nikalala.

Asubuhi alikuwa amefika bandarini kabla yangu. Amelala vizuri, alisema, hata kikohozi kimepungua. Uso wake ulikuwa umechangamka kama sijawahi kuuona. Tulipanda, yeye akakaa mbele ya sitaha, mimi nikasimama mbali kidogo, na meli ikajitoa polepole. Watu wote wakageuka kuutazama mji unavyorudi nyuma, kama watu wanavyofanya kwenye meli yoyote. Nami nikageuka, na sikuwa nimefikiria jambo hili kabisa: kwamba kutoka majini Homa Bay yote ni mapaa.

Hoteli yetu ilionekana vizuri kuliko jengo lolote. Lile paa jekundu lilikuwa limelala mteremkoni, refu, na juu yake kofia, yale mabati ya mgongoni yanayofunika ungio, moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Niliomba Mungu mama mkwe awe anaangalia kwingine. Nilimwona akiliangalia. Aliinua mkono kukinga jua, akaanzia mlango wa barabarani, akafuata paa kwa kidole chake polepole, hadi kwenye mti wa ua wa nyuma. Kisha akaushusha mkono.

Mji ulizidi kuwa mdogo. Nilikuwa nimeandaa kisingizio cha dada wa mapokezi. Hakunipa nafasi.

"Wewe unauza mabati, baba," alisema. "Ulijua."

Aibu niliyoisikia haikuwa ya kutubu, ilikuwa ya mtu aliyekamatwa, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko lote. Aliendelea kutazama maji. Akaifungua ile leso, akavihesabu vipande vyake vya sukari guru, akaifunga tena.

Mfangano walitupokea vizuri. Wifi yake, mke wa mgonjwa, alikuja mbio kutoka jikoni, akampokea mzigo.

"Wifi, ingia, anakungoja tangu asubuhi."

Mama mkwe alisimama mbele ya nyumba, hatua tatu kutoka mlangoni.

"Siingii," alisema. "Nimekuja na jambo la njiani. Mgonjwa hapelekewi jambo kama hilo."

Hakuna aliyeuliza ni jambo gani. Wanawake walitazamana, mzee mmoja akauliza kama dawa yake inaweza kupatikana pale, naye akasema hapana, ni ya watu wa mume wake, iko Awendo. Mzee akatikisa kichwa. Nilimsikia mama mmoja akinong'ona kwamba huenda amegombana na mtu, au ameruka jambo la ujane wake, na mwenzake akaitikia. Nilikuwa nimesimama karibu nao. Ningeweza kusema, ni mimi, nilimdanganya. Nikajifanya naangalia mitumbwi.

Wakamwekea ngozi chini ya dirisha, nje, akaketi na mgongo wake ukutani. Ndani kitanda kilikuwa upande uleule. Wakazungumza hivyo siku mbili, yeye nje na kaka yake ndani. Mara wakicheka, wakikumbushana mbuzi waliyempoteza na mwalimu aliyewachapa wote wawili kwa kosa la mmoja. Sukari guru aliitoa, wifi yake akaipeleka ndani na kummegea. Nilimsikia mgonjwa akisema ni tamu, lakini mbona imekatwa vipande vikubwa, dada yake alikuwa akimega vidogo.

Siku ya pili, mchana, mkono wa mgonjwa ulitoka dirishani. Ulikuwa mkono mwembamba, umebaki mifupa, vidole vimefunguka. Ulishuka kandokando ya ukuta ukimtafuta. Mama mkwe aliuona. Alijisogeza kwenye ngozi, inchi chache, kisha tena, mpaka usiweze kumgusa, na wakati wote huo sauti yake ikiendelea kusimulia habari za mjukuu mpya kana kwamba hakuna lililotokea. Mkono ulingoja pale. Kisha ukarudi ndani.

Tulirudi na meli ya pili. Mvuvi aliyetufikisha gatini alimtakia heri, mimi akanipa mkono tu. Awendo mama mkwe alikwenda moja kwa moja kwa shemeji zake, akanywa dawa yake, akaanza kujiandaa kurudi kisiwani. Ujumbe wa msiba ulimkuta akikunja lile gauni la kanisani.

Alikuja kwetu Migori baada ya maziko, kumwona mtoto. Alikaa sebuleni, mchana, binti yetu mapajani, na mimi nikawa karibu na mlango nikijifanya natafuta rula. Mke wangu alikuwa amesikia nusu ya habari kutoka kisiwani, kama inavyokuwa. Alimuuliza mama yake kilichomfanya asiingie. Mama yake akasema ni mambo ya uzee, alikanyaga asipopaswa. Basi mke wangu akamuuliza, kule Homa Bay tulilala wapi.

Nilisimama na rula mkononi. Nilijua kwamba neno lake moja lingemaliza nyumba yangu, na kwamba lingekuwa la haki.

"Bwanako alinitafutia nyumba yangu," alisema, bila kuniangalia. "Yeye alilala msikitini."

Mke wangu alinitazama kwa mapenzi makubwa. Mama mkwe akainama juu ya mtoto, akamrekebishia shuka. Tangu siku hiyo hadi alipofariki hakununua tena bati dukani kwangu. Alimtuma mtu akamnunulie mjini Rongo.