Mkono Wangu kwenye Barua ya Mwingine

Nakumbuka, mwanangu, siku ambayo shefu wa ofisi alinipa kiti, na naikumbuka kuliko siku niliyooa. Mama yenu asisikie.

Ilikuwa enzi za Zaire, wakati mashefu walivaa abakosti, suti ile isiyo na tai, na sisi sote tuliitana sitwayeni, yaani raia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza shule ya msingi tu, na haya ilinijaa. Mtu akinisalimu ghafla, jibu langu lilikuja akiwa ameshapita. Nilifanya kazi katika depo ya mizigo hapa Kindu, pale reli inapoishia karibu na mto. Meli zilileta magunia na masanduku, nasi tukayapakia katika mabehewa. Kazi yangu ilikuwa brashi na rangi nyeusi: kuandika juu ya kila sanduku jina la stesheni linakokwenda. Kibombo. Kongolo. Kabalo. Niliandika polepole, lakini herufi zangu zilipendeza, na K yangu yenye mkia ilijulikana reli nzima. Hata leo nikipita karibu na rangi mbichi, husimama kidogo. Nasikia tena harufu ya mawese, na wapakiaji wakitaniana kwa sauti kubwa kuliko treni. Ilikuwa kazi ndogo. Niliipenda.

Aliyeniingiza kazini ni kapita wetu, yaani msimamizi wa wapakiaji, Papa Ilunga, mtu wa Kasai aliyekuja Kindu kijana akazeekea hapa.

"Musafiri," alikuwa akiniambia, "weye unaandika sawa konokono anaenda kuoa. Bibi-arusi atazeeka."

Wote walicheka, nami nilicheka, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha kushika brashi.

Kila asubuhi kabla ya kazi tulisimama mbele ya bendera, tukakiimbia chama tawala na kukichezea ngoma. Tuliita animasio. Papa Ilunga aliimba, lakini hakucheza, maana sanduku lilikuwa limemwangukia gotini miaka ya nyuma. Kila mtu pale alijua. Shefu wa ofisi, Sitwayeni Kitenge, alijua pia. Ila yeye alikuwa na shemeji aliyeutaka ukapita.

Basi siku hiyo akaniita ndani. Nilikuwa sijawahi kuketi katika ofisi ile. Sisi wa depo tulisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Ikala, mutoto wangu," akasema, akanisogezea kiti. "Mukono yangu ni mubaya. Unikopie hii barua, ikuwe safi."

Ilikuwa ya Kifaransa, nacho nilikijua nusunusu. Mstari wa tatu nikaona jina la Papa Ilunga. Chini yake nikaelewa: kapita huyu anadharau chama, kila asubuhi anakataa kucheza mbele ya bendera. Jina la mwandishi halikuwapo. Enzi zile maneno kama hayo yalitosha kumtoa mtu kazini, na kumtoa katika nyumba ya kambi ya reli pamoja na watoto wake.

Nikainua macho.

"Iko neno hausikie?" shefu akauliza.

"Hapana, shefu."

Nikajiambia moyoni, kunakili si kusema. Nikaandika. Nisikufiche, mwanangu: zile herufi kubwa nilizipamba.

Siku chache baadaye direkta, mkubwa wa shefu, akaja kwenye animasio na barua mkononi, akauliza ni nani aliyeiandika. Akampa mpakiaji aliyekuwa mbele, Kasongo, mtu wa mizaha, autambue mwandiko. Kasongo akaitazama karatasi, akayatazama masanduku nyuma yake.

"Sitwayeni Direkta, hii K njo ile iko ku masanduku yote. Hata Kongolo banaijua."

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Papa Ilunga alinigeukia.

"Musafiri, nilikukosea nini?"

"Hakuna, Papa."

"Basi njo nani nilimukosea?"

Sitwayeni Kitenge alikuwa akiitazama bendera. Jina lake lilikuwa juu ya ulimi wangu, na hapo likabaki. Direkta alingoja, kisha akaikunja karatasi. Mwenye maneno hakujulikana, lakini maneno yalikuwa yameshaandikwa, na barua inayotaja chama hakuna direkta aliyethubutu kuitupa. Papa Ilunga akavuliwa ukapita, akapelekwa kulinda ghala katika stesheni ndogo upande wa Kibombo.

Nilikwenda kambini nikamkuta na mkewe wakifunga vyombo. Nilitaka kuomba msamaha, kilichotoka ni, "Papa, mimi nilinakili tu."

Hakupandisha sauti.

"Barua haikuniuma sana, mutoto wangu. Bantu banaandika barua kila siku. Nilikuuliza mbele ya bantu, ukaninyima jibu. Ile njo iliniuma. Haya ni nguo muzuri kwa kijana, lakini hauwezi kujifunika nayo wakati mwenzako iko uchi." Akashika ubao wa kitanda. "Sasa unipishe, nifunge hiki kitanda."

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa direkta. Nikasema yote, kwa kigugumizi, na jina la Kitenge nikalitaja.

"Siku ile haukukuwa na ulimi?" akauliza.

"Nilikuwa nao, sitwayeni."

"Amri imeshapanda juu. Siwezi tena kuishusha."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa pale mlangoni.

Shemeji wa Kitenge hakuupata ukapita, aliyepewa ni Kasongo. Kitenge alibaki katika ofisi yake, akaninyang'anya brashi, nikabeba magunia miaka miwili mpaka mabega yakaota sugu. Lakini wapakiaji, waliokuwa wameacha kula nami, walipopata habari kwamba nimesema, walianza tena kunisogezea sahani ya wali na sombe, kisamvu chetu. Na siku moja gadi wa treni aliniletea salamu kutoka kwa Papa Ilunga: "Mwambie Musafiri nimesikia." Papa sikumwona tena.

Mwanangu, wewe leo uko ofisini, ndugu yako anachimba madini Pangi, dada yako ni muuguzi. Msidhani kazi zenu hazifanani. Kila kazi ina shefu, na kila shefu ana shemeji. Usimwazime mtu mkono wako kwa maneno ambayo wewe mwenyewe huwezi kuyasema mchana, mbele ya anayesemwa. Mkubwa akikukaribisha ghafla karibu naye, jiulize ni nani anayesukumwa mbali. Kimya ni hekima kinapomlinda mwenzako. Kinapokulinda wewe peke yako, ni woga uliovaa vizuri. Na ukikosa, kwa maana utakosa, sema mapema, kabla amri haijapanda.

Mungu akupe kazi ya kukushibisha bila kukuchafua. Akupe wenzako ambao, siku utakapostaafu, watakuja kukusalimu nyumbani bila shida yoyote ya kuomba. Nenda na amani.