Kiti Kimoja Kwenye Ndege Nyeupe

Ukitaka kucheka, cheka kwanza umalize, kisha unisikilize. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, hapa Bugarama, nikiwa na akili zangu timamu.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Dada yangu anayefanya kazi Mwanza aliniletea ndege ndogo ya plastiki, ya kuunganisha vipande, urefu wake kama mkono hadi kiwiko. Niliiunganisha, nikaipaka rangi nyeupe mara tatu. Siku hiyo zilibaki stika zake tu, zile zinazolowekwa kwenye maji mpaka ziteleze kutoka kwenye karatasi. Ni kazi ya kubana pumzi. Ukitetemeka, stika inachanika.

Mvua ilikuwa inapiga bati vibaya sana. Nikainua macho, nikamwona mzee amekaa kwenye benchi la wateja. Sikumsikia akiingia. Nikamwamkia shikamoo. Koti lake lilikuwa kavu kabisa. Kavu, na mvua ile. Ningekuwa na busara ningetoka palepale.

Akaniuliza nabandika namba gani mkiani. Nikamwonyesha. Akasema siyo hizo, nizitoe, niandike kwa brashi herufi atakazonitajia. Unaniuliza kwa nini nilitii? Hata mimi najiuliza. Nilizikwangua stika zikiwa bado mbichi, nikaandika herufi zake tano. Kisha akanielekeza dirisha la tatu, nilipake rangi nyeusi.

"Hapo ndipo nilipokaa," akasema.

Nikamuuliza ndege hiyo ilikuwa inaenda wapi.

"Bado haijafika. Na kiti cha pembeni yangu hakina mtu. Andika jina lako chini ya dirisha."

Niamini, mkono ulianza kuandika wenyewe. Nilitaka kuuvuta nikashindwa. Nilikuwa nimemaliza herufi ya kwanza mke wangu alipoingia na mwavuli, akaniuliza naongea na nani. Brashi ikaniponyoka. Benchi lilikuwa tupu. Sakafuni palikuwa na nyayo za mke wangu tu, zenye tope.

Jumapili baba mkwe wangu alikuja kutoka Nyakisasa. Alipoziona zile herufi mkiani, alikaa chini. Alisema alipokuwa kijana, ndege ndogo nyeupe ilianguka mlimani juu ya shamba lao, naye alikuwa miongoni mwa waliotoa maiti. Herufi zilikuwa hizohizo. Tulisali, kisha akaenda kuizika ile ndege nyuma ya migomba.

Tangu hapo naandika majina yote: ya watu, maduka, saluni, makanisa. Jina langu siwezi. Nikimaliza herufi ya kwanza vidole vinakufa ganzi, na nasikia injini kwa mbali. Hata kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, mke wangu ndiye aliyeniandikia. Na kila masika injini hiyo inasikika karibu zaidi.

Kwa hiyo wewe unayependa kazi hizi za mikono, mgeni usiyemjua akikuomba uandike jina lako, weka brashi chini utoke nje, hata kama mvua inanyesha. Hata herufi moja usiianze.