Kelele za Gurudumu la Nyuma

Wateja walimwita Fundi Dada, na kaka yake walimwita Sikio. Karakana ilikuwa ya baba yao. Mzee alipofariki, wawili hao waligawana kazi bila hata kukaa kikao: kaka asikilize, dada afungue. Kaka alikuwa akipanda nyuma ya gari, analala kifudifudi, macho kayafumba, gari likizungushwa mtaani. Akishuka husema, "Beringi ya kushoto, mdogo wangu. Ya kulia usiiguse." Dada akifungua, anaikuta beringi ya kushoto imekwisha kabisa.

Miaka sita iliyopita kaka alipata kazi ya kutengeneza malori ng'ambo. Aliaga kwamba anakwenda mwaka mmoja tu. Ovaroli yake ilibaki imening'inia msumarini, na Fundi Dada aliifua kila mwezi, akaianika, akairudisha palepale. Aliyemuuliza kwa nini, alimjibu kwamba vumbi halina adabu.

Siku moja Mwalimu, mteja wao tangu enzi za mzee, alileta gari lake dogo.

"Fundi, nikigusa breki tu, huku nyuma panalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Wanafunzi wanajua ninakuja nikiwa bado sijakata kona. Wanapata muda wa kujifanya wanasoma!"

Fundi Dada alicheka, akapiga jeki, akatoa magurudumu ya nyuma. Alilegeza handbreki, akazigonga zile ngoma za breki kwa nyundo mpaka zikaachia. Ndani mlijaa vumbi jeusi. Alilifuta kwa kitambaa kibichi ili asilivute puani, akapitisha msasa kwenye brekishuu, vile vipande vinavyoibana ngoma, ambavyo bado vilikuwa vinene, akafunga. Mwalimu akaondoka, breki kimya kabisa.

Baada ya siku nne alirudi. Paka naye alirudi.

Fundi Dada alifungua tena, akakagua ngoma zote mbili, akapima unene wa brekishuu kila upande. Hakuona kasoro. Akakaa chini kwenye kipande cha boksi, mikono myeusi magotini, akamkumbuka kaka yake. Kama angekuwepo, angekwishasema, na wangekuwa wanabishana kuhusu jambo jingine. Alimpigia simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikawa vilevile.

Alifunga magurudumu, akakunja viti vya nyuma vya gari la Mwalimu, akajilaza mle, sikio likiwa juu ya gurudumu la kulia.

"Endesha taratibu, Mwalimu. Nikisema breki, gusa kidogo tu."

"Utaumia, dada yangu."

"Endesha."

Walizunguka mtaa mara tatu. Mwanzoni alisikia injini na mapigo ya moyo wake tu. Mzunguko wa tatu ndipo alipozitenganisha zile sauti. Breki ikishikwa, kulikuwa na mkwaruzo mkavu kwanza, halafu ndipo ule mlio. Ikiachiwa, kitu kilichelewa kurudi, kisha kikagonga: tak. Upande wa kulia tu. Basi kosa halikuwa kwenye brekishuu zenyewe, lilikuwa pale zinapoegemea.

Karakanani alizitoa kabisa brekishuu za kulia, akalimulika lile bamba la chuma lililo nyuma yake. Kweli, sehemu zinapoegemea zilikuwa kavu, zimechimbika vijishimo ambamo brekishuu zilikuwa zikinasa. Springi moja ya kuzirudisha ilikuwa imelegea. Alilainisha vijishimo kwa tupa, akapaka grisi ya breki kidogo sana isije ikagusa ngoma, akabadilisha springi za pande zote mbili. Wakazunguka mtaa tena. Kimya.

"Sasa wanafunzi wangu wamekwisha," Mwalimu akasema.

Kaka alipiga simu kesho yake. Fundi Dada akamweleza yote bila kupumua, mpaka ile "tak" ya springi iliyolegea.

"Ulilala nyuma mwenyewe?" kaka aliuliza.

"Ningemlaza nani?"

Kaka alicheka kile kicheko chake cha puani, ambacho hakikuwa kimebadilika hata kidogo. Kisha sauti ikashuka. "Mdogo wangu, wameniongezea mkataba wa miaka mingine miwili. Nimekubali. Watoto wangu wanasoma huku, unajua."

"Najua."

"Na hivi sasa hunihitaji. Umeshajua kusikiliza."

Fundi Dada alitaka kumwambia kwamba si masikio yake aliyoyakosa miaka yote hii.

"Nakuhitaji, kaka," akasema. "Breki zimepona, lakini nakuhitaji."

Hakuna aliyekata simu. Kila mmoja alisikiliza sauti za karakana ya mwenzake.