Tulivyokwenda Kumchukua Bibi Mbagala

Jumamosi ile tulikuwa tunakwenda Mbagala kumchukua Bibi Mwanaidi, mama yake Mama, aje kuishi nasi Tegeta. Anaishi peke yake, miguu inamvimba, na majuzi alianguka uani akakaa chini mpaka jirani alipomsikia. Tangu hapo Mama halali vizuri. Chumba kikapakwa rangi, kitanda kikanunuliwa.

Mie ndiye mbwa wa nyumba hiyo. Naitwa Bosi. Kwa hesabu za mbwa umri wangu ni wa kidato cha pili, na somo ninalofaulu ni kubwekea wauza mboga. Sikutakiwa kwenda, ila jirani anayenilishaga alikuwa kasafiri, na Neema, binti wa nyumba, akagoma kuniacha.

"Bibi hapendi mbwa," Mama akasema.

"Bibi hamjui Bosi."

Baba ni mtu wa bara, kwao mbwa ni sawa na kitasa. Akafungua mlango wa nyuma. "Apande. Tutamwacha kwenye gari."

Kutoka Tegeta mpaka Mwenge tulitambaa na foleni. Nilitoa kichwa dirishani kama mbunge, nikawatukana mbwa wa mitaani waliolala chini ya vibanda vya chipsi. Hakuna aliyejibu.

Tulipopita Ubungo na kushika Barabara ya Mandela, Mama akaanza kufanya mazoezi ya maneno yake. "Nitamwambia hatumhamishi, tunambadilishia hewa."

"Usiseme hewa," Baba akasema. "Atakuuliza ya Mbagala ina nini."

Buguruni harufu ya samaki wa kukaanga ilinishinda, mate yakamwagika kwenye kiti. Neema akafuta kwa kiganja na kuendelea kula karanga kwa kiganja hichohicho. Kwetu mate yangu ni kama vumbi, yapo tu.

Mbagala tulimkuta Bibi kibarazani, kavaa khanga mpya, begi limeshafungwa. Mama akaliona begi, akasahau maneno yote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibuni. Na mke mwenzangu kaja?" Hivyo ndivyo anavyomtania Neema. Kisha akaniona. "Na huyo?"

"Anaitwa Bosi, bibi."

"Bosi wa nani?"

"Wa geti."

Bibi akacheka mpaka akashika goti. Baba akaeleza kwamba nitabaki garini. "Na jua hili? Mtamuua kiumbe wa watu. Mfungeni pale kwenye mpapai."

Walipomaliza kula, Bibi mwenyewe alijikokota mpaka karibu, akanirushia vichwa vya samaki. "Haya, Bosi. Mshahara huo." Nikampenda palepale.

Ndipo Neema akaona ulimi wangu unaning'inia. Akachukua bakuli la bati lililokuwa juu ya karo, akalijaza maji, akaniwekea. Nilikunywa mpaka tone la mwisho. Lilikuwa bakuli la Bibi la uji.

Bibi alikuwa anatoka kutia udhu. Akasimama.

"Neema, wewe!" Mama akasema.

"Usimgombeze. Hakufundishwa." Alisema hivyo akimtazama Mama, na Mama akainamisha uso.

Bibi akavuta kigoda, akamwelekeza Neema achote udongo na kusugulia bakuli, kisha maji, mara saba zitimie. Neema alisugua, Bibi akihesabu kwa upole kama anayefundisha kusuka ukili. Lilipokwisha kung'aa akauliza, "Huko kwenu, anaingia ndani?"

"Analalaga sebuleni."

"Na chumba changu njia yake ni hiyohiyo sebuleni?"

Neema akaitikia kwa kichwa.

"Tutamtoa," Mama akasema haraka. "Kuna mtu Bunju anamtaka."

Neema alikuja kwenye mpapai, akaishika kamba yangu kwa mikono miwili. Bibi akamtazama muda mrefu.

"Sina ugomvi na mbwa wenu. Ila mate yake ni najisi, nisali vipi kwenye nyumba ambayo kila kitu kimerambwa? Na nikiingia kwa machozi ya mtoto, nitalala usingizi gani?"

"Mama, ukianguka tena je?" Mama akamuuliza.

"Nitaita. Jirani ana masikio."

Akalifungua begi, akatoa khanga moja moja, akazirudisha chumbani kwake.

Tulirudi bila Bibi, tukafika Tazara. Baba akajaribu. "Nitamjengea banda nje."

"Tungelijenga kabla ya kupaka rangi," Mama akasema. "Nimemzoea Bosi mpaka nikasahau nilivyolelewa. Mwanangu nimemfundisha kila kitu, hilo moja sikumfundisha."

Mwenge, kwenye foleni, simu ikaita. Sauti ya Bibi ikajaa gari zima. "Mmefika?"

"Bado, mama."

"Huyo Bosi kapewa maji? Joto hili."

Mama akampa Neema simu.

"Kapewa, bibi."

"Kwa chombo chake?"

"Chake."

"Haya."

Tegeta nilifungwa nje kwa mara ya kwanza, na sikubweka. Nilichojifunza safari hii hakinifurahishi: mtu anaweza kukulisha, akakuhurumia jua, na bado asiweze kukaa nawe, na usimpate wa kumng'ata kwa hilo. Kupitia dirishani nilimsikia Mama akimpigia jirani wa Mbagala, akimwomba awe anachungulia uani kwa Bibi kila asubuhi, na jioni pia kama hatachoka.